Mita Moja ya Mraba

Miaka kumi na tisa nimechora mizizi kwa chaki,
mzizi mkuu, vijizizi, mishale na majina,
na kengele ikilia nikaufuta udongo wote kwa kitambaa.

Jana usiku nilifumua sweta langu jekundu.
Nilikaa jikoni, chai ikapoa,
nikakata nyuzi za mita nne nne,
ishirini na sita, mmoja kwa kila mtoto,
na mmoja wa akiba, kwa sababu Vakho hupoteza vitu.

Mkuu wa shule alitaka fomu. Nikampa.
Alitaka sahihi za wazazi. Nikampa,
pamoja na ile ya bibi yake Mzekala, aliyeandika pembeni:
asirudi na matope.

Nyuma ya maghorofa ya Gldani kuna kilima
ambacho watoto hawa wamekiona maisha yao yote
kupitia dirisha la jikoni, kati ya nguo zilizoanikwa.
Dakika kumi na mbili kwa miguu. Nilihesabu.
Nilipouliza nani amewahi kukipanda,
wakatazamana.

"Chagua mahali. Zungusha uzi, vijiti vinne, pembe nne.
Hilo ndilo darasa lako kwa saa nzima."
"Kwani hapa kuna nini?" Vakho akauliza.
Sikumjibu. Kwa kweli sikujua.

Mwanzo walikaa kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati,
mikono ikipapasa mifuko kutafuta simu
zilizolala ndani ya ndoo yangu, chini ya kanga ya plastiki.
Kisha sauti: "Sisimizi huyu kachukua mkate wangu!"
Kisha kimya, lakini si kile cha mtihani.

Sandro alihesabu sisimizi arobaini na mmoja,
akaanza upya, maana "hawajui foleni."
Mzekala alipata kifuniko cha chupa, msumari,
na ganda la konokono jembamba kama ukucha wa kichanga.
Akaunusa udongo. Akauonja,
akidhani simwoni.
Na Tekle, ambaye tangu Septemba hajanyoosha kidole,
alinyoosha kidole, peke yake, mbele ya nyasi:
"Mwalimu, tukiondoka, huu mraba unakuwa wa nani?"

Nilikuwa bado nalitafuta jibu
kobe alipotoka chini ya kichaka cha miiba,
mgongoni bado kajitwika udongo aliolalia baridi yote,
akaingia kwa Vakho bila kubisha hodi.

Uzi ukamnasa mguu. Hakusimama.
Akauburura hadi kwa Sandro, akauzoa na wa Sandro,
akapita kwa Tekle, akapita kwa Mzekala,
miraba saba ikawa fundo moja jekundu likienda mashariki,
na nyuma yake watoto ishirini na sita
kwa mwendo wake, bila kusukumana,
mwendo ambao sijawahi kuupata koridoni
hata kwa filimbi.

Vakho akalala kifudifudi.
Mzekala akatoa kimkasi cha kucha.
Uzi baada ya uzi, kwenye ule mguu wa magamba,
Vakho alikata huku pumzi kaibana,
yule yule anayevunja kalamu nikimkazia macho.
"Haya, mzee, nenda," akasema,
akasogea kumpisha.

Tuliokota nyuzi zote. Kengele tuliikosa kwa dakika arobaini.
Mzekala alirudi na matope hadi kwenye nyusi.

Sasa fomu iko mezani.
*Lengo la somo. Je, lilifikiwa? Ndiyo au Hapana.*
Nimeandika: kulikuwa na kobe.
Nimefuta. Nimeandika tena, kwa wino.
Sweta limebaki kola na mkono mmoja,
na Aprili ya huku bado ina meno.

Langoni, wenzake wakigombania simu zao kwenye ndoo,
Vakho alinivuta mkoba.
Kobe hula nini, akauliza,
na hili nalo sikulijua.